Pete ya ndoa imepotea mu mchanga ku plaje hapa Goma, nani anajua hizi mashini za kutafuta metali?

MamaFaraja_Himbi

Jambo yenu wote, mutanisamehe nitaandika mrefu juu tangu siku ya yenga sijalala vizuri. Tulienda na bwana yangu na watoto ku plaje moja ya hoteli hapa Goma, upande wa Himbi, ile yenye walimwaga mchanga juu ya mawe ya volkano ili watu wapate fasi ya kukaa. Nikaingia mu maji na mutoto wa mwisho, maji ilikuwa baridi, tukacheza, tukatoka, nikakaa chini nikamupaka mafuta, nikamujengea nyumba ya mchanga juu alilia anataka nyumba. Tukarudi. Magaribi niko nasafisha samaki ya sambaza njo naangalia kidole, pete haiko. Kuko tu ile alama nyeupe fasi pete ilikuwa imekaa miaka kumi na moja.

Ni pete ya zahabu ya karati 18. Ya bwana yangu inafanana nayo sawasawa, ila yake ni pana kidogo, zote mbili tulizifanyiza kwa fundi mumoja kule Bukavu. Na ile zahabu ilitoka kwa mama yangu, ni mukufu wake njo waliyeyusha, na mama sasa hayuko tena. Kwa hiyo mutu asiniambie nunua ingine, hakuna ingine.

Jana tulirudi watu sita tukachimba na mikono mpaka magoti ikatuuma, hatukuona kitu. Shemeji yangu akashusha aplikasio mu telefone ya kutafuta metali, ikawa inalia kila fasi anaweka. Mwingine akasema tufunge sumaku ku kamba tuivute mu maji. Na jirani moja ananiambia kuko mashini, detekteri, kama ile ya wachimba zahabu wa Kamituga, njo yenye inaweza kuiona. Ni kweli? Inatumika mu huu mchanga wetu mweusi? Nani iko nayo? Nisaidieni tafadhali, ata ushauri tu.

FundiRadio_Kadutu

Mama Faraja pole, pole sana. Mimi niko Bukavu, natengenezaka radio na televizio hapa Kadutu, na niko na detekteri moja tangu miaka tatu, kwa hiyo nitakuambia kile nilionaka mwenyewe.

Cha kwanza: acheni kuchimba. Leo leo. Zahabu ni nzito sana, hiyo ya karati 18 ukiilinganisha na jiwe la mchanga la ukubwa moja inalizidi uzito zaidi ya mara tano, sasa kila mara mchanga unatikisika, mchanga unapanda na pete inashuka, mpaka ikute fasi ngumu. Kwenu fasi ngumu ni yale mawe ya volkano chini. Ziwa letu halina maji kujaa na maji kupwa kama bahari, kwa hiyo pete haijatembea, iko pale pale ilianguka, lakini mikono ya watu sita inaweza kuwa iliisogeza na kuishusha. Na uwapigie wa hoteli sasa hivi, mbele ata ya kumaliza kusoma hii, waambie asubuhi wasipitishe rato, ile ya kusawazisha mchanga, mu ile fasi. Rato inakokota pete mita kumi na kuiacha fasi yenye hamuwezi kuwaza.

Sumaku, hapana. Sumaku haivute zahabu, haivute feza, haivute shaba. Mutatoa misumari na masahani ya kutu basi. Na ile aplikasio muifute. Ndani ya telefone kuko kidude cha kupima sumaku ya dunia, kile kinasaidia dira, kinasikia chuma peke yake, na mawe ya volkano ya Goma iko na madini ya chuma yenye sumaku ndani, njo maana inalia kila fasi. Inalilia mawe. Ata ukiiweka juu ya pete yenyewe haitaisikia.

Detekteri ni kitu ingine kabisa. Ile sahani ya chini iko na waya za kuzungusha ndani, zinatuma sumaku yenye kugeuka-geuka mara maelfu kwa sekunde moja. Ikikuta metali yoyote yenye kupitisha kuranti, ata kama sumaku haiivute, kuranti kidogo inaanza kuzunguka ndani ya ile metali, na hiyo kuranti inarudisha alama juu, mashini inasikia. Pete iko vizuri sana kwa kazi hii juu ni duara yenye imefungika, kuranti inazunguka bila kukatika. Heri ulipoteza pete kuliko mukufu, mukufu mwembamba kila kijiduara kinajibu peke yake kidogo kidogo, unaweza kupitisha mashini juu yake mara kumi isiseme kitu.

Sasa swali langu, na ujibu vizuri: mara ya mwisho pete ilionekana ku kidole ni saa ngapi? Usiseme "nafikiri". Fungua picha zote za ile siku, zako, za bwana, za shemeji, kila picha iko na saa yake. Tafuta mukono wako wa kushoto mu kila picha.

Mutoto_ya_Kenya_Durban

Jambo mama, na miye ninakupa pole. Miye ni muntu wa Lubumbashi, komini ya Kenya, lakini niko Durban miaka saba sasa, na siku ya posho na siku ya yenga asubui mbele bantu bafike njo ninazungukaka ku bahari na mashini natafuta bintu byenye bantu balipoteza. Muke anakataaga lakini bantu banakuwaka na furaha siku ninarudisha kintu kya muntu.

Nitakwambia kosa yangu ya mwaka ya kwanza juu isikufikie. Mashini iko na fasi ya kuiambia "hii usiniimbie". Nilichoka kuchimba bile bikamata bya kufungulia makopo ya soda, bya aluminiumu, bilikuwa bingi shi unajua plaje vile iko, njo nikaiambia mashini inyamaze juu ya aluminiumu yote. Nikakaa myezi minne naokota tu makuta ya sarafu. Pete ata moja. Muzee moja Muhindi mwenye ninakutanaka naye pale akaniuliza uliweka je, nikamuonyesha, akashika kichwa. Akaniambia: pete ya zahabu na kile kikamata kya kopo binaimba sauti moja, ukinyamazisha kimoja unanyamazisha na kingine. Kuanzia pale ninachimba yote. Yote kabisa. Juma yenye ilifuata nikatoa pete ya mwanaume ku santimeta kumi na tano, nikakaa chini mu muchanga nayo mu mukono, sikuamini.

Kwa hiyo mama, mwenye atakuja kukutafutia, mutu asimwambie eti "aah hii ni kopo tu, acha". Achimbe.

Na vile ya kutembea: sahani ikae chini karibu kugusa muchanga, ikae sambamba, usiipandishe ku mwisho wa kila mukupo kama muntu anafyeka majani, bengi banafanyaka vile na kule ku mwisho njo pete inabakiaka. Polepole. Kila mara sahani ipite nusu ya fasi ilishapita. Funga kamba, miti ine, ufanye mistari, ukimaliza ugeuze mistari ipite kwa kukata ile ya kwanza, juu pete yenye inasimama wima inajibu vibaya upande moja na inaweza kujibu vizuri upande ingine. Muntu mwenye anatembea hovyo anafikiri alipita fasi yote, na hakupita ata nusu.

Huku kwetu shida ni chumvi, muchanga yenye maji ya chumvi inapitisha kuranti yenyewe, mashini ya kawaida inalia kama kichaa, paka ile yenye kutuma frekansi mingi kwa mara moja. Kwenu maji si ya bahari, ile shida hamuna sana, lakini ule muchanga mweusi ni shida yake, fundi atakwambia.

Kitu ingine, usijilaumu. Maji baridi inakondesha kidole, na mafuta inateleza. Bengi banapoteza paka vile. Kule Canada, mu muji ya Vancouver, kuko kundi banaita The Ring Finders, kazi yao ni kutafutia bantu mapete tu, beko na bantu mu inchi mingi, na banatosha mapete kila siku, ku neige, mu majani, ku bahari. Kama haingewezekana hakuna mwenye angefanya ile kazi.

Wa_Kamituga

Niko na jibu fupi juu ya zile mashini zetu. Zile za zahabu kama Minelab GPX ni za aina ya mapigo, inatuma pigo moja, inakata, inasikiliza, tena na tena. Udongo wenye chuma haiisumbue sana na inaenda chini kuliko zile zingine. Lakini kutenganisha chuma na zahabu haijue vizuri, na ku plaje yenye kapsili za chupa za bia ya Primus na misumari mutachimba mpaka usiku. Tena ni mashini ya dola elfu kadhaa, mwenye iko nayo huku hawezi kuiachilia iende Goma kwa siku mbili, ni mukate wa watu wanane. Jaribuni kwanza na ile ya fundi. Ikishindwa na mawe, turudie kuongea.

Vieux_Keshero

Dada yangu, mimi si mutu wa mashini, lakini nimezaliwa hapa Keshero na kuko vitu vitatu sijaona mwenye kuvisema.

Mazuku. Wewe wa Goma unajua, lakini huyo fundi wa Bukavu pengine hajui, na ule wa Durban anasema asubuhi mapema. Kwetu upande huu, ile hewa ya kaboni inatoka chini ya mawe, ni nzito kuliko hewa ya kupumua, inalala mu mabonde madogo karibu na maji, zaidi usiku na asubuhi mbele upepo uanze. Haina rangi na hauione. Mutu mwenye kusimama anaweza kuwa muzima na mbuzi yenye kulala karibu yake ikafa. Sasa mutu wa kutafuta pete anapiga magoti, anainamisha kichwa mu shimo. Waulize wa hoteli na majirani kama ile fasi iko na mazuku, muanze wakati jua imepanda na upepo iko, na asiende peke yake. Kichwa kikianza kuuma ao pumzi kukata, simama utoke, usichukue ata mashini.

Cha pili, ruhusa. Mashini yenye sahani na ekuteri ku masikio hapa kwetu watu wataiona namna ingine kabisa, wengine watasema ni zahabu, wengine watasema ni silaha mwatafuta. Pata barua ya mwenye hoteli, umujulishe shefu wa avenyu na wa kartie, na polisi wa pale, mbele ya fundi kufika, si nyuma.

Cha tatu, na hiki ni cha uzito. Mu udongo wetu kuko vitu vya vita. Mashini ikilia sana na mukiona kitu cha chuma cha duara ao kirefu chenye kutu, musiguse, musiendelee kukifunua, muweke alama, mutoke, muite wataalamu wa kutegua mabomu. Sisemi kukutisha. Nimezika mutoto wa jirani juu ya kitu alifikiri ni kopo.

MamaFaraja_Himbi

Wazee na ndugu zangu, nimesoma yote mara mbili, aksanti kweli kweli. Vieux, aksanti sana kwa neno la mazuku, hilo sikuwaza. Nilipiga telefone ku hoteli usiku ule ule, msimamizi alikuwa na roho nzuri, aliweka viti vinne kuzunguka ile fasi, watu wasipite, na rato haikupita.

Picha: tulikaa na bwana usiku tukaangalia picha 63. Mu ya saa 9:42 niko natoka mu maji na mutoto, mukono wa kushoto inaonekana, pete iko. Nililia. Juu mimi siku zote hizi nilikuwa najua ni maji ilichukua. Mu ya saa 9:55 niko namupaka mutoto mafuta, vidole vinang'aa na pete haionekane vizuri juu ya kivuli, lakini bwana anasema anaiona. Mu ya saa 10:20 niko nashika nyumba ya mchanga imekwisha, mukono wazi, na pete haiko. Kwa hiyo haikutoka mu maji. Ilitoka pale tulijenga nyumba. Na nyuma mu picha kuko parasoli na muti wa avoka, tunaweza kusimama fasi picha ilipigiwa na kujua karibu kabisa.

FundiRadio_Kadutu

Hii njo habari nilikuwa nangojea! Umepunguza kazi kutoka plaje muzima mpaka fasi kama chumba kimoja. Nitakuja. Nakamata boti ya siku ya tano usiku, nifike asubuhi, usinilipe mashini, ulipe boti na chakula basi.

Mashini yangu ni Nokta Simplex+, ya Uturuki, inaingia mu maji mpaka mita tatu lakini inaonekana hatutahitaji maji. Ni ya frekansi moja, na hapa njo nakuambia ukweli: mu mchanga wenu inaweza kupoteza nguvu. Ule mchanga mweusi na mawe ya volkano inaijibu mashini kama vile na yenyewe ni metali. Kuko namna ya kuizoesha udongo, unapandisha na kushusha sahani juu ya fasi yenye haina kitu mpaka inyamaze, lakini kina inapungua. Fasi yenye ningeona pete ku santimeta ishirini, kwenu pengine kumi. Kwa hiyo andaa hivi:

Bwana aje na pete yake. Hii ni muhimu kuliko vyote. Zahabu ni moja, fundi ni moja, yake itatuonyesha mashini inasema nini juu ya yako. Tutaifunga ku uzi mwekundu mrefu ili nayo isipotee, tutaifukia mu ule ule mchanga, santimeta tano, kumi, kumi na tano, nisikilize. Yako ni nyembamba kwa hiyo itaimba chini kidogo ya yake, nitachimba zote kuanzia pale mpaka chini.

Enda kwa fundi wa kusude vyuma, mupe kipande cha manjanja kizito, akunje kama kopo kubwa, atoboe matundu ya milimita nane, akaze ku bomba ya kushikia. Mchanga unapita, pete inabaki. Matundu yasizidi pale. Na pele moja ya kawaida, na masturubai mawili.

Na viti vya chuma na parasoli vyenye viko karibu muvisogeze mbali, mita kadhaa. Si utani. Mwaka 1881 Alexander Graham Bell, ule wa telefone, alitengeneza mashini ya akili hii hii kwa kutafuta risasi yenye ilibakia mu mwili wa Raisi wa Marekani James Garfield. Ilikuwa inatumika vizuri kwa majaribio, lakini alipofika ku kitanda cha Raisi ikamuchanganya, na moja ya sababu ni springi za chuma za kile kitanda. Kila metali karibu ni kelele. Ata bangili yako utaiacha nyumbani.

Mutoto_ya_Kenya_Durban

Fundi, kama mawe inakuzuia, usibakie kupitisha mashini juu juu tu. Toa muchanga. Kata santimeta kumi ya juu na mpao, uimwage ku turubai, uitandaze, uipitishe mashini kule mbali na mawe, halafu urudi ku fasi ile uanze tena ku yenye ilibakia. Ni kazi ya mugongo lakini njo vile banafanyaka wakati kina inashinda mashini.

MamaFaraja_Himbi

Ndugu zangu. Imepatikana.

Nitaeleza vizuri juu muliniombea na mulinifundisha. Fundi alifika saa mbili asubuhi, macho mekundu ya boti, hakutaka ata kunywa chai, akasema tungojee upepo kwanza kama Vieux alisema. Shefu wa avenyu alikuja mwenyewe kuangalia na akabakia mpaka mwisho. Saa tatu na nusu upepo wa ziwa ukaanza, tukaingia.

Wakafukia pete ya bwana na uzi wake mwekundu. Ku santimeta tano mashini ikaimba safi, namba yenye mashini inaonyesha kwa kila metali ikawa inacheza 51, 52. Ku kumi bado. Ku kumi na tano sauti ikakatika-katika, namba ikaruka hovyo, na fundi akatikisa kichwa, akasema basi, macho ya mashini hapa ni santimeta kumi na mbili, chini ya pale ni upofu. Akasema: tutachimba kila kitu chenye namba kati ya 30 na 55. Tukafunga kamba, fasi ya mita ine kwa mita tano.

Mistari ya kwanza: kapsili kumi na tisa, kikamata za makopo sijui ngapi, mia moja ya Rwanda, kijiko cha mutoto, karatasi ya sigara yenye feza-feza. Mistari ya kukata: kapsili tena, na bangili ndogo ya shaba. Saa sita jua ilikuwa kali, bwana yangu alikuwa anaangalia chini tu, na mimi nilianza kusema mu roho mama unisamehe.

Njo wakatoa mchanga kama kaka wa Durban alisema. Turubai la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. Chini mawe ikaanza kuonekana, ile nyeusi yenye matundu-matundu, na mashini ikawa inalia ovyo juu yake. Fundi akaacha mashini ile kubwa akachukua kidude ingine kidogo cha mukono chenye kusikia metali ya karibu tu, akalala tumbo chini, akakiweka polepole ku kila ufa wa jiwe, moja moja, kama daktari na mutoto. Ku ufa mumoja kikatetemeka. Akatoa mchanga na kidole. Akasimamisha mukono. Hakusema kitu, akaniita na kichwa tu.

Ilikuwa imesimama wima mu ufa wa jiwe, nusu yake mu mchanga wenye maji, inang'aa kama siku tuliitoa kwa fundi. Tulipima na mukono wa bwana, kutoka juu ya mchanga mpaka pale ni santimeta ishirini na tatu. Mashini peke yake haingeiona kamwe. Niliambiwa niitoe mimi mwenyewe. Nimeiosha ku ziwa, sasa iko ku kidole na nimekaza uzi chini yake mpaka nifike kwa fundi wa zahabu aipunguze.

Mtu wa Kadutu, Mungu akuongezee. Chakula ulikula kidogo sana, hiyo hatujamalizana.

FundiRadio_Kadutu

Nimefika Bukavu salama. Mama Faraja hajawaambia kitu kimoja juu alikuwa analia, na ni vizuri.

Mu turubai la pili kulikuwa na pete ingine. Ya mwanaume, si ya zahabu ya njano, na ndani kumeandikwa herufi mbili na tarehe. Iko imekaa mule siku mingi, imeshika weusi. Tumeiacha ku hoteli mu bahasha yenye tulifunga mbele ya shefu wa avenyu. Siandike hapa herufi gani wala mwaka gani. Kama ulipoteza pete ku plaje upande wa Himbi, ao baba yako, ao shemeji yako, niandikie kwa siri useme ndani kumeandikwa nini, na ni ya rangi gani. Ata kama ni miaka mingi imepita, uliza mu jamaa.